Neno Letu Limefika Wapi

Kabla hajasema maneno ya mtu mwingine, alisukutua kinywa. Aliomba maji kwenye kikombe, akayazungusha mashavuni mara tatu, akayatema pembeni. Akimaliza kazi alifanya hivyo tena. Wageni walidhani ni usafi tu. Sisi tulijua, kwa kuwa alituambia mwenyewe. Maji ya kwanza yalikuwa ya kutoa maneno yake, yasichanganyike na ya mgeni. Maji ya pili yalikuwa ya kutoa maneno ya mgeni, asiende kulala nayo.

Tulimwita Mkalimani. Alikuwa na jina lake, ila watoto wengi wa kwetu wamekua bila kulijua, na mimi sitaliandika hapa.

Nyumba yake na yetu zilitengwa na migomba tu. Kijiji chetu kiko bondeni, mbele ya Ipyana ukielekea ziwani, na mto umekikata vipande viwili. Upande wetu kuna nyumba, mashamba ya mpunga na kokoa. Ng'ambo kuna shule, zahanati, na barabara ya kwenda Kyela mjini. Kiangazi tunavuka kwa miguu, maji yanafika magotini. Kuanzia Machi mto unafura, unaingia mashambani, na hapo anayetaka kuvuka anapanda mtumbwi au anabaki kwake. Watu wamekufa wakiwa wanabaki kwao. Sitawataja, maana ndugu zao wapo.

Wazee wetu wengi Kiswahili wanakisikia lakini hakiwaingii vizuri. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Akiambiwa kitu kwa Kiswahili alitikisa kichwa kwa heshima, kisha akageuka kuuliza kimesemwa nini. Kwa hiyo akija mhubiri kutoka mbali, au bwana shamba mpya, au daktari wa kupima macho, Mkalimani aliitwa. Alisimama hatua moja nyuma ya mgeni, upande wa kushoto, mikono imefungwa mbele. Mgeni akisema, yeye alisema. Mgeni akiinua sauti, naye aliinua. Mgeni akilia, nilimwona kwa macho yangu akitoa leso. Mgeni akinyoosha kidole, kidole chake kilinyooka pia. Tulipokuwa wadogo tulicheza mchezo wa kumwigiza, mmoja mgeni na mmoja Mkalimani, na aliyecheka kwanza alikuwa ameshindwa.

Nyumbani hakuwa mwongeaji. Marehemu mume wake alikuwa akisema, "Huyu anayamaliza yote huko nje, mimi naletewa ukimya." Ukimwamkia asubuhi, "Mwagonile," alijibu kwa koo tu na kuendelea kufagia. Aligombana na mama yangu miaka miwili kwa sababu ya kuku mmoja. Kanisani alionywa mara kwa mara kuhusu ugoro, akaacha, akarudia. Hakuwa mtu wa kukimbiliwa na watoto. Sisemi haya kumsema vibaya. Nasema kwa sababu baada ya mambo yote yaliyotokea, wapo wanaomfanya kama malaika, na wapo wanaomfanya kama mchawi, na hakuwa hata kimoja.

Alijali sana ukweli wa kazi yake. Mhubiri mmoja aliwahi kusema sentensi ndefu sana, naye akaitoa kwa maneno manne, watu wakacheka. Mhubiri akamgeukia, "Mama, nimesema mengi zaidi ya hayo." Akamjibu, "Umesema mara tatu kitu kimoja, baba. Nimewapa kimoja."

Lakini mara moja alidanganya, na mwenyewe alinisimulia tukiwa tunageuza kokoa kwenye mikeka. Daktari alimwambia mzee mmoja wa kwetu kwamba ugonjwa wake haukuwa na dawa tena. Yeye akamwambia mzee kwa Kinyakyusa, "Daktari anasema ule ndizi laini, upumzike, na uwaone wanao." Mzee akashukuru, "Ndaga, ndaga," akaenda nyumbani, akaita wanawe wote.

"Ulikosea?" nilimuuliza. Ilikuwa mara chache mimi kumuuliza mtu kitu.

"Nilisukutua siku nzima," alisema. "Halikutoka."

Kazi yake nyingine ilikuwa ya kubeba neno la posa. Hapo ndipo mambo yote yanapoanzia, kwa hiyo naeleza polepole. Kwetu familia mbili hazizungumzi ana kwa ana kuhusu ndoa. Kunakuwa na mbeba neno. Upande wa mume ukiahidi kwamba utafika siku fulani, na siku ikapita kimya, wazazi wa binti hawaendi kugombana na wakwe. Wanamwendea aliyeleta neno. Wanatuma mtu mmoja, mwanzo wa mwezi, asubuhi, kabla mbeba neno hajaenda shamba. Huyo mtu haketi. Anasimama mlangoni na kuuliza, "Neno letu limefika wapi?" Mbeba neno anajibu "limefika" au "bado". Haruhusiwi kuongeza. Hakuna kusema mvua, wala msiba, wala mtu kasafiri. Akisema "bado", anampa aliyetumwa kitu cha kula, na ni juu yake sasa kwenda kumsumbua mwenye neno. Mwezi ujao anaulizwa tena. Siku wakiacha kuja kuuliza, maana yake wamelizika neno lile, na binti anaweza kupewa mwingine.

Alibeba posa nyingi, mpaka za ng'ambo ya mto Songwe, kwa ndugu zetu wa Malawi. Alikuwa akisema kwamba kuulizwa kunachosha, lakini nyumba isiyoulizwa ni mbaya zaidi.

Sasa mkutano. Mwaka ule wa uchaguzi alikuja mgombea wa kiti kikubwa kuliko vyote. Hakuna mtu mkubwa kama huyo aliyewahi kukanyaga uwanja wa shule yetu. Mkalimani aliitwa siku tatu kabla. Alinunua kitenge kipya, akasuka nywele, na mtu huyu asiyejibu salamu akaanza kusimama njiani kuwaambia watu kwamba atakuwa jukwaani. Mama yangu alisema, "Leo kanisalimia yeye kwanza. Huyo mgombea aje kila mwezi."

Tulivuka mto kwa miguu, wanawake wameshika nguo. Tulipofika uwanjani pindo zilikuwa zimelowa, na mgombea aliziona. Nakumbuka hilo kwa sababu lilitugusa. Alikatisha alichokuwa anasema akatutazama chini.

"Mama zangu, naona mmelowa. Mmevuka maji kuja kunisikiliza mimi?"

Mkalimani akasema. Wazee wakaitikia kwamba ndiyo.

"Basi nawaambia hivi. Mpunga wenu hautavunwa mara mbili kabla sijawajengea daraja la zege. Mkinipa kura, mimi mwenyewe," akajipiga kifua, "mimi mwenyewe nitakuja kulifungua."

Mkalimani akasema yote, neno kwa neno, na alipofika pale pa kifua akajipiga cha kwake. Kipaza sauti kilikuwa karibu, kishindo kikasikika uwanja mzima. Bibi yangu alisimama, mtu wa magoti mabovu, akapiga vigelegele.

Halafu muziki ukafunguliwa, vijana wakacheza, magari yakawashwa. Mgombea alimshika Mkalimani mkono kwa mikono yake miwili. Kila mtu alimkimbilia kumuuliza mkono ulikuwaje. Kikombe chake cha maji kilibaki jukwaani, kimejaa. Hakusukutua.

Mgombea akashinda.

Mpunga wa kwanza ukavunwa. Kabla ya wa pili walikuja watu wawili na gari, wakapima, wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu pande zote mbili za mto. Tulifurahi. Watoto walikatazwa kuvigusa. Mpunga wa pili ukavunwa. Vigingi vilisimama pale pale.

Mwanzo wa mwezi uliofuata, asubuhi, nilikuwa nafagia nikamwona Bibi anatoka na fimbo yake, anapita kwenye migomba. Nilidhani anakwenda kuomba ugoro, maana walikuwa wanapeana kwa siri. Alisimama mlangoni kwa Mkalimani. Hakuketi.

"Gwe," alimwita kwa Kinyakyusa, "neno letu limefika wapi?"

Mkalimani alitoka na jembe mkononi. "Neno gani, dada?"

Bibi akajipiga kifua.

Nilisubiri kusikia kicheko, kwa kuwa Bibi alikuwa mcheshi. Mkalimani hakucheka. Mimi nadhani mtu mwingine angemwambia Bibi kwamba mkutano wa siasa si posa, na mkalimani si mbeba neno, kazi yake inaisha muziki ukifunguliwa. Mwalimu mkuu alisema hivyo baadaye, kwamba wazee wetu walichanganya vitu viwili. Labda ni kweli. Lakini Bibi hakuwa amemsikia mgombea. Alimsikia Mkalimani. Kilichosema daraja ni kile kinywa, na kilichopigwa ni kile kifua.

Mkalimani aliweka jembe chini. "Bado," alisema. Akaingia ndani, akarudi na ndizi mbivu mbili.

Mwezi uliofuata walikuja watu saba. Mwezi mwingine walikuwa wengi hadi wengine walisimama nje ya uzio, na ndizi zikaisha akaanza kutoa viazi. Wapo waliokuja kwa utani. Kijana mmoja muuza samaki alisimama mlangoni na kupaza sauti, "Mheshimiwa, daraja letu." Wenzake wakacheka. Mkalimani alimjibu kama alivyowajibu wote, "Bado," akampa kiazi. Yule kijana alikipokea, akakosa pa kuangalia.

Basi Mkalimani akaanza kumtafuta mwenye neno, kama desturi inavyotaka. Alianza kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akamwelekeza kwa mtendaji. Mtendaji akasema mchakato unaendelea.

"Mchakato ni nini?" aliuliza.

"Ni zile hatua za kuelekea kwenye utekelezaji, mama."

"Mimi sikubeba mchakato, baba. Nilibeba daraja."

Hadithi hiyo ilivuka mto kabla yake. Mpaka leo kwetu mtu akichelewa na chakula watu wanamuuliza kama kiko kwenye mchakato.

Aliamua kuandika barua. Siku hiyo nami nilikuwa nimepeleka ndizi sokoni, nikamkuta Bondeni, pale Kyela mjini, kwenye kibanda cha steshenari, amekaa mbele ya dada anayechapa barua kwa kompyuta.

"Tunaanza na husika na kichwa cha habari hapo juu," yule dada alisema.

"Andika, neno letu limefika wapi."

"Hiyo ndiyo mada. Sasa maelezo."

"Maelezo hayaruhusiwi."

"Mama, barua ya kwenda kwa mtu mkubwa hivyo haiwezi kuwa mstari mmoja. Lazima umsalimie, umpongeze kwa kazi nzuri, ndipo uombe."

"Siombi. Nauliza. Andika hivyo, na chini andika jina langu na kijiji."

Yule dada alichapa. Karatasi nzima nyeupe, na mstari mmoja katikati. Mkalimani aliishika mbali na macho, akaitazama muda mrefu, akasema, "Sasa hii hata yeye ataielewa."

Majibu yalikuja baada ya miezi mingi, yamepitia kwa mtendaji. Yalisema barua yake imepokelewa na inafanyiwa kazi. Aliniomba nimsomee mara mbili, ingawa alijua kusoma.

"Imesema limefika?"

"Hapana, mama."

"Imesema bado?"

"Hapana."

"Basi hajajibu," alisema, akaikunja na kuiweka chini ya godoro.

Kuna jambo lilinishangaza zaidi ya barua. Aliacha kukalimani. Alipoitwa na mhubiri alikataa, alipoitwa na bwana shamba alikataa. Alisema hawezi kubeba neno jingine wakati kinywani bado kuna moja. Posa pia aliziacha. Watu wakaanza kumtumia kijana mwalimu wa shule, anayekalimani haraka haraka huku ameshika simu. Mkalimani alikuwa akienda kumsikiliza, anakaa nyuma kabisa, na midomo yake ilikuwa inatembea. Kitu alichokipenda kuliko vyote alijinyima mwenyewe. Hakuna aliyemtuma.

Na hakuwa na subira kama watu wanavyosimulia sasa. Mara nyingine alikasirika. Jioni moja alimwambia Bibi, "Mnanitesa bure. Kwa nini hamwendi nyie?"

Bibi akamjibu, "Tutakwenda na Kiswahili gani?"

Mkalimani akasema kitu ambacho sikutegemea. "Nilifurahi mno siku ile, dada. Ndiyo maana sikusukutua. Nilitaka neno lile libaki kidogo."

Miaka ikapita, na waulizaji wakapungua. Kutoka kundi wakawa watano, wakawa wawili. Mwishoni alibaki Bibi peke yake. Kila mwanzo wa mwezi, fimbo, migomba, mlango, anajipiga kifua, anauliza. "Bado." Ndizi mbili, moja ananiletea mimi. Mimi sikuwahi kwenda kuuliza. Nilikuwa naona haya kusimama mlangoni kwa mtu mzima na kumdai jibu. Nilikula ndizi tu.

Bibi alifariki Aprili, mto ukiwa umefura kuliko miaka mingine. Alitaka kulala kando ya Babu, na kaburi la Babu liko ng'ambo, kwenye kiwanja chao cha zamani. Jeneza lilikaa sebuleni siku mbili tukingoja maji yapungue. Hayakupungua. Mhubiri alikuwa ng'ambo, kaburi lilikuwa ng'ambo limechimbwa, linaingia maji. Siku ya tatu wanaume walifunga mitumbwi miwili kwa kamba, wakaweka mbao juu, na jeneza juu ya mbao.

Mkalimani alikuwa ukingoni, karibu na kigingi kimoja kilichobaki na rangi kidogo. Kilikuwa kimefungiwa mbuzi. Wanaume walipokuwa tayari kusukuma, aliingia majini na nguo zake mpaka kiunoni, akaweka mkono juu ya jeneza.

"Bado, dada," alisema.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Lakini ilikuwa mwanzo wa mwezi. Mimi sikuwa nimekumbuka.

Mitumbwi ikasukumwa. Maji yaliichukua chini sana kabla ya kufika, na kwa muda tuliona kichwa cha jeneza kimeinama kana kwamba linateleza, na mama yangu akakaa chini kwenye tope. Walifika. Tulimzika ndani ya maji yanayofika kifundoni.

Miezi minne baadaye kampeni zilianza tena, na yule mkubwa akapangiwa kuja kwetu. Vijana wa kampeni walikuwa na orodha ya mara ya kwanza, wakaja moja kwa moja kwa Mkalimani wakiwa na kofia na kitenge.

"Mama, tunakuhitaji tena."

"Nitakuja," alisema.

Kijiji kilisema sana. Wanawake kisimani walisema amenunuliwa kwa kitenge. Mama yangu, aliyekuwa amepatana naye tangu msiba, alipita siku mbili bila kumsalimia. Yeye hakujieleza.

Siku ya mkutano tulivuka tena kwa miguu. Alisimama hatua moja nyuma ya mkubwa, upande wa kushoto, mikono mbele. Aliletewa maji. Alikishika kikombe, akakiweka chini bila kusukutua. Mimi nilikuwa karibu na jukwaa, nikaliona hilo.

Mkubwa alisalimia, akakalimaniwa. Alishukuru kwa kura za mara iliyopita, akakalimaniwa. Sauti ya Mkalimani ilikuwa ile ile ya zamani, na nilisikia wazee wakishusha pumzi, kama watu waliorudishiwa kitu. Kisha mkubwa akasema, "Ndugu zangu, yale tuliyowaahidi tumeyatekeleza kwa kiwango kikubwa."

Mkalimani hakukalimani. Alipiga hatua moja mbele, akawa sawa naye.

"Mheshimiwa," alisema kwa Kiswahili, taratibu, "kabla sijawapa hilo, wao walinipa neno nikuletee. Wameniuliza kwa miaka. Neno letu la daraja limefika wapi?"

Mkubwa alicheka, wala hakukasirika. "Mama yetu mkali. Mama, daraja lenu liko kwenye mpango, wataalamu walishakuja, katika mwaka wa fedha ujao..."

"Limefika au bado?"

"Shughuli za serikali zina hatua zake, mama. Si kama kujenga banda la kuku."

Watu wachache walicheka. Yeye hakugeuka.

"Limefika au bado?"

Mkubwa aliangalia pembeni, kwa watu wake. Nilimwona usoni wakati ule. Hakuwa na sura ya mtu mbaya. Alikuwa na sura ya mtu anayejaribu kukumbuka yuko kijiji gani.

Msema chochote, yule MC wa mkutano, akanyoosha mkono achukue kipaza sauti. Mkalimani alikuwa amekishika bado. Alitugeukia sisi, akasema neno moja kwa Kinyakyusa, lile alilokuwa anatuambia kila mwezi. Kisha akakiachia.

Muziki ukafunguliwa kwa nguvu. Kuna waliopiga makofi, mimi nikiwa mmoja wao, mikono chini kidogo ili mtu asinione. Halafu wimbo ulikuwa mzuri, na watu wale wale wakacheza. Yule kijana mwalimu akaitwa, akamalizia mkutano. Mkalimani aliteremka ngazi za jukwaa peke yake, ameshika reli, na watu walimpisha njia pana kuliko alivyohitaji.

Mkubwa alishinda tena, na kwetu pia.

Mtu anaweza kudhani kijiji kilimshukuru. Kwa wiki moja, labda. Kisha mwenyekiti akasema kwenye kikao kwamba tulikuwa kwenye orodha na sasa tumetolewa. Sijui kama kulikuwa na orodha. Wanawake kisimani wakaanza kusema, "Tungekuwa na daraja sasa hivi." Vigingi vilipotoweka, ikasemekana serikali imekuja kuving'oa kwa ajili ya mdomo wake. Mimi najua kigingi cha upande wetu kiling'olewa na mjomba wangu, amekipigilia nyuma ya zizi, anafungia ng'ombe. Nilijua, na kikaoni nilikaa kimya, kwa kuwa mjomba alikuwa ameketi mbele yangu na mimi sijawahi kusimama kikaoni.

Tangu hapo hakuna aliyekwenda tena mlangoni kwake. Kila mwanzo wa mwezi nilimwona kupitia migomba. Aliamka mapema, akafagia uwanja, akaweka ndizi kwenye ungo kando ya mlango, akakaa kwenye kigoda na jembe magotini. Jua lilipopanda aliondoka kwenda shamba. Jioni zile ndizi alikuwa anawapa kuku. Alikonda. Meno mawili ya mbele yalitoka, na maneno machache aliyokuwa nayo yakawa yanapita kwa filimbi. Mama alimpelekea uji, akarudi anasema, "Haumwi popote. Anasema tu anasubiri."

Mwaka huu mvua imekuja mapema. Jirani wa upande wa chini alijifungua Machi, wakakaa ukingoni tangu alfajiri mtumbwi ukiwa ng'ambo, na mtoto akazaliwa pale pale, kwenye matope, chini ya mwavuli. Mtoto yupo. Wanamwita kwa jina la mto. Watu walifurahi kwamba yupo, na hakuna aliyesema neno daraja. Nilitega sikio siku nzima. Hakuna hata mmoja.

Mwanzo wa mwezi uliofuata niliamka kabla ya mama. Mvua ilikuwa nyembamba. Nilipita kwenye migomba, na majani yalinimwagia maji shingoni. Nilisimama mlangoni kwake. Alikuwa kwenye kigoda, jembe magotini, ungo pembeni. Alidhani nimetumwa kuleta uji.

"Karibu ukae, mwanangu."

Sikukaa. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yale usiku mzima na bado hayakutaka kutoka. Nilitazama miguu yake. Nilitaka kujipiga kifua kama Bibi, mkono ukakataa.

"Mama," nilisema. "Neno letu limefika wapi?"

Jembe liliteleza magotini mwake likaanguka, hakuliokota. Nilidhani amekasirika. Nilidhani amechoka na sisi, na nimemtonesha, na nikataka kuomba radhi na kukimbia.

"Bado," alisema.

Kisha akainama kwenye ungo, akachagua ndizi, akaiacha, akachagua nyingine iliyoiva vizuri, akanipa. Akanipa na ya pili, ile ya Bibi.

"Mwezi ujao usichelewe," alisema. "Jua likitoka unanikosa."